Ripoti Iliyorudishwa

Kila Alhamisi yenye kikao, karani wa kamati ya nidhamu alifika ofisini saa moja na nusu asubuhi, mfagiaji akiwa bado ngazini na ndoo yake. Alipenda kuwa peke yake na chumba kile kabla hakijajaa wanaume na sauti zao. Alifungua madirisha mawili ili harufu ya zulia kuukuu itoke. Akapanga viti vinne upande mmoja wa meza ndefu na kimoja upande wa pili, akaweka bilauri, akaweka kalamu. Halafu akaketi kwenye kimeza chake cha pembeni, karibu na mlango, akaanza kusogeza tarehe ya mhuri kwa ncha ya ukucha. Kigurudumu chake cha mpira kilikuwa kigumu, na kila siku mpya ilibidi ibembelezwe ndipo ije.

Tarehe ilikuwa imekwama katikati, si jana wala si leo, alipobishiwa hodi.

Saa ile hapakuwa na mtu wa kubisha. Wajumbe walikuja saa nne, na wao hawakubisha, waliingia tu wakiendelea na soga walizoanzia huko chini. Karani aliinua macho. Mlangoni alisimama mtu mrefu, mpana wa mabega, ameinamisha kichwa kana kwamba fremu ya mlango ni fupi, ingawa haikuwa fupi. Shati lake jeupe lilifungwa vifungo mpaka kooni.

Hakuhitaji kujitambulisha. Kila aliyefungua redio Jumamosi mchana alimjua. Alikuwa beki wa kati wa miaka thelathini na minne, na mashabiki walimwita Kisiki kwa sababu washambuliaji walijikwaa kwake wakaanguka wenyewe, yeye akiwa hajasogea.

"Samahani, dada. Najua nimewahi."

"Kikao ni saa nne, kaka."

"Najua. Nyumbani nimeshindwa kukaa. Mke wangu ananitazama kama mgonjwa aliyerudishwa na hospitali." Alijaribu kucheka, kicheko kikamfia mdomoni. "Nilikuwa na swali moja tu. Barua inasema nilimpiga refa. Haisemi nilimpigia wapi, wala nani aliniona. Naweza kuisoma hiyo ripoti?"

"Siruhusiwi, kaka. Utasomewa humo ndani."

"Nikisomewa humo ndani nitajibu nini hapohapo? Mimi si mtu wa maneno. Hata uwanjani, kukiwa na ugomvi, nahodha humtuma mwingine akaseme."

Karani aliangalia mikono yake mwenyewe. Angeweza kumwambia kwamba na yeye si mtu wa maneno, kwamba tangu darasa la kwanza walimu walimwambia aongee kwa sauti, mpaka akamaliza chuo wakiwa bado wanamwambia. Badala yake alisema, "Kuna benchi hapo koridoni. Nitakuletea maji."

"Asante, dada." Kisiki akaenda kukaa. Benchi lilimlalamikia.

Karani alipomaliza kumpelekea maji alirudi akafungua faili la kesi. Ilikuwa kazi yake kuhakikisha kila karatasi ipo mahali pake, na siku nyingine zote alifanya hivyo bila kusoma. Leo alisoma.

Ripoti ya refa ilikuwa ukurasa mmoja. Mechi ilimalizika kwa penalti ya dakika za nyongeza. Wakati waamuzi wakirudi vyumbani, kwenye korido iliyo chini ya jukwaa, refa alipigwa kiwiko shingoni kwa nyuma, "kwa nguvu na kwa makusudi". Alipogeuka alimwona mchezaji wa jezi namba nne akiondoka. Namba nne alikuwa Kisiki.

Ripoti ya pili ilikuwa ya kamisaa wa mchezo, yule mtu anayetumwa na shirikisho kukaa uwanjani na kuandika aliyoyaona kwa macho yake. Nayo ilisema kiwiko. Nayo ilisema shingoni kwa nyuma. Nayo ilisema "kwa nguvu na kwa makusudi", kwa mwandiko wa kulala ambao karani aliujua tangu alipokuwa mtoto, kwa sababu ndio ulioandika jina lake kwenye majalada ya madaftari yake yote ya shule. Kamisaa alikuwa baba yake mdogo.

Alifunga faili. Halafu akalifungua tena, kama mtu anayegusa jino linalouma.

Mambo yalikuwa hivi. Miaka kadhaa nyuma, kabla yeye hajaajiriwa, uamuzi mmoja wa kamati ulitupwa kwenye rufaa kwa sababu refa aliandika ngumi na kamisaa akaandika kofi. Mwenyekiti aliona aibu ya mwaka mzima. Tangu hapo karani aliyetangulia, mama mmoja mnene aliyependa kuvaa miwani kichwani, aliweka utaratibu: faili haliendi kwenye kikao mpaka ripoti mbili zifanane. Zikitofautiana dakika, namba au jina, kamisaa hupigiwa simu, huleta nyingine safi. Ile chafu huchanwa. "Binti yangu," yule mama alimwambia wiki ya kumkabidhi ofisi, "faili likiingia mle ndani na mikunjo, watakaokunjwa ni sisi."

Karani aliushika utaratibu huo kama alivyoshika kila alichofundishwa. Jumatatu baba mdogo alileta ripoti yake asubuhi, akamwachia mezani pamoja na pakiti ya biskuti. Ripoti ile ya kwanza ilisema filimbi ya mwisho ilipopulizwa yeye alibaki jukwaani akizungumza na mkuu wa ulinzi kuhusu mashabiki waliokuwa wakirusha chupa, na aliposhuka koridoni alimkuta refa ameshikwa na wasaidizi wake. *Aliyempiga sikumwona.* Karani aliilinganisha na ya refa, mstari kwa mstari, kidole huku na kidole kule. Akaona hazifanani. Akanyanyua simu.

"Shikamoo, baba mdogo. Ripoti yako haifanani na ya refa."

"Marahaba. Haifanani wapi?"

"Pale kwenye tukio lenyewe."

"Basi nitapita."

Mchana alikuja na nyingine. Karani akaigonga mhuri, akaichana ile ya kwanza mara nne, akatupa vipande kwenye kapu lililochukuliwa jioni ileile. Alifanya yote hayo kwa usafi na kwa moyo mkunjufu. Alikula na biskuti.

*

Saa tatu na nusu baba mdogo alifika amevaa koti lake la bluu lenye nembo ya shirikisho kifuani. Alimpita Kisiki pale kwenye benchi bila kumtazama, kama mtu anavyopita mbele ya nyumba yenye mbwa. Karani alimfuata kwenye kijichumba cha chai.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Mama yako anakulisha nini siku hizi, magazeti?"

"Baba mdogo, ile ripoti."

"Ipi?"

"Ya kwanza. Ya Jumatatu asubuhi."

Aliweka sukari, akakoroga. "Si uliniambia haifai?"

"Nilisema haifanani na ya refa."

"Ofisi hii hicho ni kitu kimoja."

"Lakini uliandika hukuona."

"Niliandika, ukanirudishia." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemkumbusha mtoto mahali alipoacha viatu. "Nikampigia refa simu, akanieleza hatua kwa hatua, nikaandika. Yule ni mtu mzima, shingo imefungwa kama mtungi uliopasuka, anidanganye ili iweje?"

"Sisemi anadanganya. Alipigwa kwa nyuma. Ile korido ina taa moja, na ilikuwa mvua, na watu..."

"Mwanangu." Baba mdogo aliweka kijiko chini. "Miaka ishirini na miwili nimekaa kwenye majukwaa hayo. Waulize makamisaa wenzangu ni wangapi wanaona kila wanachoandika. Leo mimi nikitoka mle ndani nimesema nimeandika nisichokiona, kesho jina langu linafutwa kwenye orodha. Na Jumamosi bila mpira, unajua nakuwa nani? Nakuwa mzee mmoja ndani ya nyumba na saa ya ukutani. Tangu mama yako mdogo afariki, hiyo saa naisikia mpaka uani. Usinichimbie kaburi kwa kijiko cha chai."

Karani alitaka kusema. Maneno yalikuwa yamejipanga vizuri kabisa kifuani, lakini yalipofika kooni yakaanza kusukumana kama watu mlangoni, na hakuna lililotoka. Huyu ndiye aliyembebea sanduku lake la bati mpaka bwenini siku ya kwanza ya chuo, ghorofa tatu, akikataa kusaidiwa. Huyu ndiye aliyemtafutia kazi hii. Baba yake mzazi alikuwa picha tu ukutani, na baba mdogo alikuwa mtu.

"Nimekusikia," akasema, na akaosha kikombe kilichokwisha kuoshwa.

*

Wajumbe walikuwa watatu. Mwenyekiti alikuwa wakili mstaafu, mwembamba, mwenye kupenda kanuni kama wengine wanavyopenda wajukuu. Wa pili alikuwa daktari, ambaye alisema kidogo na kuangalia simu yake sana. Wa tatu waliendelea kumwita Winga, kwa nafasi aliyocheza ujanani, ingawa tumbo lake lilikuwa limeacha kukimbia miaka mingi. Kiti cha nne kilikuwa cha kamisaa, naye alikaa upande wa wajumbe, kwa sababu alikuwa mtu wa shirikisho na ndivyo walivyozoea.

"Redio," Winga alimsalimu karani, kama kawaida yake, "leo una betri?"

Walimwita Redio kwa sababu hakuwahi kutoa sauti. Alitabasamu, akashika kalamu.

Kisiki aliitwa. Aliketi kwenye kile kiti kimoja, magoti yakamgusa meza. Mwenyekiti alisoma ripoti ya refa, akasoma ya kamisaa, moja baada ya nyingine, na kwa masikio ya yeyote ilikuwa kama amesoma moja mara mbili.

"Refa mwenyewe amepewa ruhusa kwa ajili ya shingo yake," mwenyekiti alisema. "Ripoti yake inatosha. Una la kusema?"

Kisiki alisafisha koo. "Namba nne ni yangu, mzee, sikatai. Ila filimbi ilipopulizwa goti lilinikaza. Nililala kwenye majani mpaka daktari wa timu akaja kulinyoosha. Naingia koridoni, nakuta refa keshapigwa."

"Daktari wa timu yako."

"Sasa nani mwingine aje anishike goti? Wa timu pinzani?"

Winga alicheka, akajifanya anakohoa.

"Shahidi wa klabu ana maslahi," mwenyekiti alisema. "Kamera hakuna mle koridoni. Tuna macho ya watu wawili."

"Mvua ilinyesha kipindi chote cha pili, mzee. Wote tulikuwa rangi ya tope. Sisi wenyewe tulipasiana kimakosa. Hata wao wana namba nne."

"Unamtuhumu mwenzako?"

"Simtuhumu mtu. Sikuwepo, nitamtuhumuje?" Aliinamisha kichwa. "Nasema tu kwamba aliyepigwa kwa nyuma ameona mgongo."

Daktari aliinua macho kutoka kwenye simu yake. Kwa muda mfupi ilionekana kama atauliza kitu. Halafu simu ikatetemeka, akarudi huko.

"Miaka saba iliyopita," mwenyekiti alisema, akigeuza ukurasa, "ulimsukuma mshika kibendera."

"Nilimsukuma. Nikafungiwa mechi tano, nikazikaa zote. Nikaenda mpaka kwake nikamwomba radhi mbele ya watoto wake. Lile nililifanya, nikasema nimelifanya. Hili sijalifanya."

"Kwa hiyo una historia."

Karani, akiandika, aliona sikio la Kisiki likibadilika rangi taratibu, na akajisikia vibaya kwa kuliona.

"Kanuni inakupa nafasi ya kumuuliza shahidi," mwenyekiti alisema. "Uliza."

Mtu yule mkubwa aligeukia upande wa baba mdogo. Alifikiri sana. Ilionekana wazi kwamba hakuna aliyewahi kumfundisha jinsi ya kuuliza.

"Mzee wangu, shikamoo."

"Marahaba."

"Ulikuwa umesimama wapi?"

Baba mdogo alinyoosha koti lake. "Kwenye korido."

"Upande upi?"

"Upande wa... wa chumba cha waamuzi."

"Sawa," Kisiki alisema. Alisubiri, kana kwamba jibu lenyewe lingeendelea kumsaidia. Halikuendelea. "Sawa, mzee. Asante."

Akaambiwa atoke asubiri nje. Mlango haukufunga vizuri, haujawahi kufunga vizuri, na kupitia mwanya wake karani aliona kiatu kimoja cheusi kilichong'arishwa, kimetulia kabisa sakafuni.

Kamisaa hakuambiwa atoke.

"Mnaonaje?" mwenyekiti aliuliza.

"Mimi nimecheza," Winga alisema, sauti yake safari hii haina mzaha. "Nimekunywa maji chupa moja na watu waliopiga marefa. Wanakuwa na namna yao ya kusema hawakupiga. Huyu hana hiyo namna."

"Huo si ushahidi."

"Najua si ushahidi, mheshimiwa. Nimesema tu."

"Mimi siwezi kuamua kwa sura ya mtu. Ningeamua kwa sura, nusu ya wachezaji wangekuwa jela." Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta. Hakuwa mtu mbaya. Karani alijua kwamba usiku wa kuamkia kikao hakulala vizuri, kwa sababu kila Alhamisi aliomba dawa ya kichwa. "Ingekuwa refa peke yake, ningesema shaka imuokoe mchezaji. Kanuni yenyewe inasema hivyo, kwa kosa la nje ya uwanja shahidi mmoja hatoshi. Lakini hapa wapo wawili, tena wameona jambo lilelile. Nikimwachia, nimesema wote wawili ni waongo. Miaka miwili. Ndiyo kiwango cha chini."

"Miaka miwili atakuwa na thelathini na sita," Winga alisema. "Tuseme tu tumemstaafisha."

"Daktari?"

"Nakubaliana na mwenyekiti."

Winga aliangalia dari muda mrefu. "Wawili ni wawili," akasema mwishoni. "Haya."

Baba mdogo alikuwa anatazama bilauri yake. Hakuigusa tangu kikao kianze.

"Andika, binti," mwenyekiti alisema, na karani akaandika. "Kamati, baada ya kumsikiliza mtuhumiwa, na baada ya kuridhika na ushahidi wa mashahidi wawili walioona tukio kwa macho yao..."

Kalamu ilifika kwenye neno *mashahidi*. Ikaandika *ma*. Karani aliiona ikisimama, kama vile ni kalamu ya mtu mwingine. Alifikiri, labda wataamua kuahirisha. Alifikiri, labda baba mdogo atakohoa, atasema, subirini kidogo. Alimpa nafasi. Alihesabu pumzi zake mwenyewe mpaka saba, na baba mdogo hakukohoa.

"Umeandika?"

"Bado, mheshimiwa."

"Nimekwenda haraka?"

"Hapana." Ilitoka kama mnong'ono. Winga aligeuza shingo. "Hawakuwa wawili."

"Unasemaje?"

Alisimama, kwa sababu akiwa amekaa pumzi haikutosha. Kiti kikasukumwa nyuma kikagonga kabati. "Jumatatu asubuhi kamisaa alileta ripoti nyingine. Ilisema alikuwa bado jukwaani. Ilisema aliyempiga refa hakumwona. Mimi ndiye niliyemrudishia, kwa sababu haikufanana. Hii mliyosoma ni ya mchana."

Nje, kile kiatu cheusi kilirudi nyuma kidogo, kikatoweka kwenye mwanya.

"Iko wapi hiyo ripoti ya asubuhi?" mwenyekiti aliuliza polepole.

"Niliichana. Ndio utaratibu wetu."

"Kwa hiyo huna karatasi."

"Sina."

"Unaelewa unachosema kuhusu mtu aliyekaa hapa? Na kuhusu ofisi yako mwenyewe? Ni mafaili mangapi mengine umeyafanya hivyo?"

"Sijui, mheshimiwa. Mengi." Machozi yalikuwa yameanza, aliyaacha yashuke, alikuwa na kazi nyingine. "Mengi yalikuwa ya dakika na namba. Sikuwa nasoma. Nilikuwa nalinganisha tu."

Mwenyekiti alimgeukia baba mdogo. "Kamisaa?"

Baba mdogo alitazama mikono yake. Nembo kifuani mwake ilipanda na kushuka. Alipozungumza hakuwa akizungumza na mwenyekiti wala na mtu yeyote. "Huyu ni mtoto wa kaka yangu," akasema. "Amechoka. Nilimwambia leo asubuhi, amekonda."

Daktari alishusha pumzi, kama mtu aliyepewa mlango wa kutokea. Mwenyekiti akavaa miwani yake tena, akaanza kutafuta mahali alipoishia. Karani aliona kwamba sentensi moja tu ndiyo iliyobaki kabla neno la yule mzee halijawa ukweli wa chumba kizima, na kwamba alichokwisha kusema, chote, hakikuwa kile alichokusudia kumwambia.

"Baba mdogo," akasema, na safari hii kila mtu alimsikia, mpaka nje. "Ripoti yako ya asubuhi haikuwa na kosa. Hukuona, ukaandika hukuona. Nilipaswa kuipokea. Nisamehe kwa kuirudisha."